Kitu cha Watu wa Theluji

Mtu akimwita Fundi mwizi mbele yangu, sijui kunyamaza. Semeni kwamba alikuwa mbishi, nitaitikia. Semeni alikuwa na kiburi cha kumtosha yeye na ukoo wake wote, nitawaongezea mifano, maana ninayo tele. Semeni aliyaharibu magari ya nusu ya Likoni kwa mikono yake mwenyewe, na hapo pia sitabisha, kwa kuwa ni kweli na langu lilikuwamo. Lakini mwizi, hapana. Ameshahama sasa, yuko kwa binti yake huko Kwale, na waliobaki huku wameachiwa hadithi yake wanaipindua watakavyo. Nimeisikia kwenye foleni ya feri, nimeisikia kwenye harusi niliyopeleka keki, nimeisikia hata kwa mtu ambaye hana gari wala hajawahi kuwa nalo. Nimechoka kuisikia.

Jina lake sitalitaja, na wengi hata hawalijui. Kwetu alikuwa Fundi tu. Mafundi wapo kila kona, wa redio, wa cherehani, wa mabomba, lakini ukisema unampelekea Fundi bila kuongeza neno, watu walijua unakwenda kwenye lile banda la mabati nyuma ya kituo cha mafuta, upande wa kuendea Shelly Beach. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye kofia ya kitambaa nyeupe ambayo sikuwahi kuiona na doa la mafuta. Kanzu yake ya kazi ilikuwa nyeusi tititi kwa grisi, mikono myeusi, kucha nyeusi, na juu ya yote kile kichwa kisafi. Alipotaka kukuna kichwa alikikuna kwa kiwiko.

Mimi ni mpishi wa keki. Za harusi, za akika, za watoto kutimiza mwaka. Kazi yangu yote hupita ndani ya gari dogo la kijivu la Kijapani, ambalo lilikuwa limeshazeeka siku nilipolinunua. Anayedhani kupika keki ndiyo kazi hajawahi kuisafirisha. Keki ya ghorofa tatu ikishapambwa haitaki barabara mbovu, haitaki jua, na zaidi ya yote haitaki gari linalotetemeka likiwa limesimama. Barabara mbovu utaikwepa. Lakini ukiwa kwenye foleni ya kivuko, injini chini yako inapanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi, na nyuma unasikia sinia inagongagonga, huna pa kukimbilia. Siku moja nilifika ukumbini upande wa kisiwani na keki iliyopasuka sukari ya juu kutoka ukingo hadi ukingo. Mama wa bibi harusi aliitazama keki, akanitazama mimi, akauliza kama nimekuja nayo kwa punda.

Kabla ya Fundi nilikuwa nimeshapita kwa mafundi wengine. Wa kwanza aliniuzia plagi, gari likatetemeka na plagi mpya. Wa pili akasema ni koili, akatia koili. Wa tatu akasema nozeli za kunyunyizia petroli zimeziba, akazifungua, akaziosha, akazirudisha, gari likatetemeka na nozeli safi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba hajui. Kila mmoja alitaja ugonjwa kabla boneti haijafunguka, na kila mmoja alipokosea lawama ikawa ya gari. Kwa hasira niliyokuwa nayo siku nilipofika kwa Fundi, ningeweza kulisukuma baharini kwa mikono miwili.

Yeye hakuniuliza gari lina nini. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaniambia niwashe, nisikanyage mafuta, na nisizungumze. Hilo la kutozungumza alilirudia. Kisha akamwita mchuuzi wa kahawa. Mimi nimekaa kwenye usukani nimefura, naona ananidharau, gari langu linakufa na yeye anaagiza kahawa. Mchuuzi akamimina kile kikombe kidogo, Fundi akakipokea, akakiweka juu ya injini. Akainama akakitazama. Kahawa ikacheza, ikatulia kidogo, ikacheza tena, ikamwagika.

"Lapiga tatu," akasema. "Moja yalala."

Alikuwa na maana kwamba katika silinda nne za injini, moja haichomi sawasawa. Akainywa kahawa iliyobaki. Akachukua kitambaa kikavu, akawa anachomoa waya za plagi moja moja huku injini inanguruma. Akichomoa moja, mlio unaanguka, anairudisha. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu alipoichomoa, injini haikujali hata kidogo. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike, kama tuliomshika mtoto mtoro. Lakini hakuniambia ninunue plagi. Alisema mvivu ameonekana, sasa tutafute aliyemfanya awe mvivu. Akaleta chupa ya maji ya sabuni, akawa anairashia mipira inayopitisha hewa, taratibu, mmoja mmoja, sikio limeelekea kwenye injini na macho ameyafumba. Mahali fulani huku chini povu likanyonywa ndani, na mlio ukabadilika. Palikuwa na kimpira kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, kimepasuka kwa upande usioonekana.

Nikamuuliza, kimpira hicho ndicho kilichonivunjia keki?

"Kompyuta ya gari yahesabu hewa inayopita mlangoni," akasema. "Hii yaingia dirishani. Sasa itahesabuje?"

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi, na nawaambia waliokuwa wakimcheka kwa kuwa hana mashine: ile ilikuwa kazi. Hakubadilisha kitu mpaka ajue kwa nini. Gereji ngapi hapa pwani utazipata za namna hiyo? Watu wanatiwa vipuri kwa kubahatisha, wanalipa, wanarudi nyumbani na ugonjwa ule ule, na hakuna anayewaita wezi hao.

Alipomaliza, alikifunga kile kimpira kilichopasuka ndani ya kipande cha gazeti, akanikabidhi. Nikamwambia kitupe, cha nini. Akaniuliza kama nimemletea gari atengeneze au nimemletea mpira wangu nimwachie. Kilichotoka ndani ya gari ni cha mwenye gari, hiyo ilikuwa sheria yake, na haikuwa na msamaha. Plagi zilizokufa, boliti iliyokatika, mkanda uliochakaa, vyote vilifungwa gazetini na kupewa mwenyewe mkononi. Ukisahau, anakukimbilia barabarani na kanzu yake ya grisi anapiga kelele, na watu wanadhani umemdhulumu. Wengi tulikuwa tunafika mbele kidogo tunatupa. Mimi vyangu nilivitia kwenye droo ya jikoni, si kwa hekima yoyote, ni kwa kuwa mimi ni mtu wa kulimbikiza. Mume wangu ananisema kwa hilo kila mara.

Siku hiyo hiyo alifanya jambo la pili bila kuniuliza. Alifungua mahali maji ya kupozea yanapotoka kwenye injini kwenda rejeta, akang'oa kidude cha shaba chenye springi, kama kifuniko cha chupa ya chai kwa ukubwa, akafunga bila kukirudisha. Hicho ndicho thamostati. Nacho akakifunga gazetini.

"Hiki ni kitu cha watu wa theluji," akaniambia. "Kazi yake kuyazuia maji mpaka injini ipate moto. Sasa sisi Mombasa, moto twautafuta wa nini?"

Nilicheka. Kila mtu alikuwa akicheka akiambiwa hivyo. Umesimama juani jasho linakutiririka mgongoni, mtu anakwambia gari lako lina kifaa cha kulinda joto, utasema kirudishwe? Yeye alijifunza kazi kwenye malori ya zamani, ya kabureta, yasiyo na kompyuta wala nini, na aliwahi kuona injini ya lori ikipikika hadi kufa kwa sababu kidude hicho kiligoma kufunguka. Tangu siku hiyo alikuwa na ugomvi nacho wa binafsi. Gari lolote lililoingia bandani kwake kwa mara ya kwanza, liwe limekuja kwa breki au kwa honi, lilitoka bila thamostati, na mwenyewe alitoka na kifurushi cha gazeti. Mafundi wengine wa pwani wanafanya hivyo mpaka leo, lakini wao hawakukabidhi chochote.

Sasa nisije nikawafanya mumwone malaika. Alikuwa mtu wa kuudhi. Ukimwambia gari lako nadhani lina tatizo la pampu, alikuwa anakwambia basi mpelekee huyo anayedhani. Mwanamume mmoja alikuja na mkewe, gari ni la mke, na kila Fundi akiuliza mume ndiye anajibu. Fundi akamwambia amemuuliza mwenye mguu kwenye pedeli. Yule bwana akakasirika wakaondoka, na mkewe akarudi peke yake baada ya siku mbili. Walioosha injini zao kwa mpira wa maji pale kwenye car wash aliwatukana kabla hawajashuka. Gari la kwaya ya kanisa lililo jirani alilikagua kila Jumamosi, na ikiwa dereva wao amechelewa anamfuata mpaka nyumbani kumgombeza, halafu alipoitwa kwenye sherehe yao akashukuriwe alisema ana kazi. Alikuwa hawezi kushukuriwa. Ukianza tu kumsifu anakuuliza kama umeongeza maji.

Na kwenye drafti alikuwa anaiba. Hili nalisema kwa kuwa nimeliona. Mtu yule yule ambaye hawezi kubaki na nati ya mteja, ukigeuza macho kidogo ameshasogeza kete, na ukimwambia anakula kiapo. Wallahi ilikuwa hapa, anasema, huku kidole bado kiko juu yake.

Kukosea alikuwa hakujui. Aliwahi kumwambia mwalimu mmoja kwamba gari lake latetemeka kwa sababu waya wa kutuliza umeme umeliwa na chumvi ya bahari. Akausugua, ukang'aa, gari likatetemeka vile vile. Mwalimu alipolirudisha kesho yake, Fundi alisikiliza kwa muda mrefu, akasema jana ulikuwa ugonjwa ule, leo ni mwingine. Mwalimu akamshukuru. Nilikuwa nimesimama pale nasubiri zamu yangu, niliyaona mwenyewe.

Kitu kimoja kilikuwa kinarudi kila mara, nasi tulikizoea. Kila gari alilolitengeneza lilitulia miezi kadhaa, kisha likaanza tena kukosa pigo, hasa asubuhi, na petroli ikawa inakwenda kwa wingi. Unarudi kwake, anafungua plagi, unazikuta nyeusi kama sufuria iliyopikiwa kwa kuni. Anazisugua kwa brashi ya waya, anailaani petroli. Mafuta ya siku hizi si mafuta, alikuwa anasema, na sisi tunatikisa vichwa. Gari linatulia tena. Mimi nilidhani ndivyo magari yalivyo, kama visu vinavyohitaji kunolewa.

Aliyeleta balaa ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa mteja wa miaka mingi, ana gari refu la kubebea saruji na mabati, na ni mtu ambaye maneno yake hapa kwetu yana uzito, kwa kuwa nusu ya mtaa imejengewa kwa mkopo wake. Siku moja alikwenda Magongo kwa shughuli zake, gari likamzimikia huko mara tatu, akaliingiza kwenye gereji iliyokuwa karibu. Wakachomeka mashine yao, wakamwambia maji ya injini hayapati moto unaotakiwa. Wakafungua, wakakuta pale mahali pa thamostati patupu. Wakamwambia kuna kitu kimetolewa. Hawakusema zaidi ya hapo; nilikwenda kuwauliza mwenyewe.

Yeye alivuka kurudi Likoni akiwa ameshamaliza kesi. Ijumaa watu wanatoka msikitini, barabara imejaa, akasimama mbele ya banda akatangaza kwamba Fundi amekuwa akimwibia vipuri. Fundi alikuwa ndiyo kwanza amerudi, kanzu safi, kofia safi. Akasema maneno matatu tu, nilikupa mkononi mwako. Yule bwana akaapa hajapewa kitu. Huenda aliamini anachokiapia, maana vifurushi vile watu walikuwa wanavitupa bila kuvifungua. Lakini kuamini si kujua, na mtu mzima mwenye ndevu anapoapa barabarani juu ya jina la mwenzake, angekumbuka kwanza.

Ndani ya siku chache kila mtu alikuwa amefungua gari lake. Na kila mtu alikuta patupu. Ikawa basi, ushahidi gani tena unatakiwa? Wakahesabu magari, wakasema ana ghala la vidude vya shaba, anaviuza Changamwe kwa wenye maduka ya spea. Watu waliokuwa wakicheka naye habari za theluji wakasahau kwamba waliwahi kucheka. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Si mmoja wala wawili, wote walisimama kwenye lile banda wakaambiwa waziwazi, nakitoa, hakina kazi, chukua. Wote wakapata ugonjwa wa kusahau kwa wakati mmoja.

Nilichukua kifurushi changu kwenye droo nikaenda nacho dukani kwa yule bwana. Kulikuwa na watu. Nikakifungua juu ya kaunta mbele ya misumari yake, nikamwambia, hiki hapa, alinipa siku alipokitoa, kama alivyokupa wewe. Akakigeuzageuza. Halafu akasema kwa utulivu kwamba mimi alinipa kwa sababu mimi ni mwanamke wa maneno mengi na alijua nitauliza. Watu wakacheka. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika hapa, na tangu siku hiyo saruji nanunua kwingine.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja bandani. Hapakuwa na gari hata moja. Fundi alikuwa anafagia mahali palipokwishafagiwa. Nikamwambia aende akawaeleze watu kwa nini alivitoa, mbona yuko kimya. Akasema anayemjua anamjua. Nikamwambia wanaomjua ndio wanaomwita mwizi. Akaendelea kufagia. Nikajawa na hasira naye kuliko niliyokuwa nayo na yule wa saruji, nikamwekea kile kidude mbele yake.

"Kirudishe," nikamwambia.

"Hakina kazi, mwanangu."

"Kama hakina kazi, basi hakitadhuru."

Alitaka kuonyesha kwamba ni yeye aliye sawa, sina shaka, ndiyo maana akakubali. Akakitumbukiza kwanza kwenye birika la mchuuzi wa kahawa lililokuwa likichemka, kuona kama bado kinafunguka. Kikafunguka. Akakata gasketi mpya, akakirudisha shingo upande, akazisugua plagi zangu mpaka zikang'aa. Aliniambia nitumie gari nirudi, nitaziona plagi nyeusi vile vile, na hapo niache kumsumbua.

Nilipeleka keki kila mwisho wa wiki mwezi ule mzima. Gari likisimama kwenye foleni lilisimama kweli. Nilikuwa nikiangalia nyuma kwa mazoea, na sukari iko pale pale nilipoiweka. Petroli niliyozoea kununua ikawa inabaki. Nilirudi kwake nimekwisha kujua, lakini sikusema. Nikazima injini, nikampa ufunguo.

Akafungua plagi ya kwanza. Ilikuwa na rangi ya kahawia, rangi ya biskuti iliyoiva vizuri. Akaiweka chini kwenye kitambaa. Akafungua ya pili, na ya tatu, na ya nne, akazipanga. Alichuchumaa mbele ya zile plagi kwa muda ambao ningekuwa mtu mwingine ningeondoka. Kisha akaanza kusema, lakini hakuwa akisema na mimi. Alisema kabureta haiulizi. Kompyuta yauliza. Yayauliza maji, je, mmepata moto? Maji yajibu bado. Basi yaongeza petroli, kama vile gari limewashwa sasa hivi.

"Siku nzima yaambiwa ndiyo kwanza asubuhi," akasema. "Miaka yote hii. Na mimi nailaani petroli."

Nilifurahi, nakiri. Niliona mambo yamekwisha. Nikamwambia twende sasa hivi dukani, tukapite na kwa wengine, awaambie kwamba hakuiba, kwamba alikosea tu, alidhani anawasaidia. Kukosea si dhambi. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye mtoto na yeye kachoka.

"Wizi wanisingizia, na Mungu ajua," akasema. "Hilo naweza kulala nalo. Hili la pili si singizio."

Nikamwambia kiburi chake kitamzika. Akasema huenda. Nikamwambia watoto wa binti yake watakuja kuambiwa babu yao mwizi. Hapo alifunga plagi zangu moja moja, akaniambia niongeze maji kesho asubuhi injini ikiwa baridi.

Lakini tangu wiki iliyofuata alianza kuwaita watu. Alikwenda mwenyewe Magongo kununua thamostati, za mitindo yote, kwa pesa zake. Alimfuata kila mwenye gari, mlangoni, sokoni, nje ya msikiti, nje ya kanisa, akamwambia alete gari. Ambaye hakutaka kuleta, Fundi alikwenda na spana zake akamtengenezea uani kwake. Hakudai senti. Wala hakueleza neno. Nilitegemea kwamba akiinama kwenye gari la mtu atasema, nilikosea, nilidhani hivi kumbe vile. Alisema tu, nakurudishia kitu chako.

Mnaona alichokifanya. Watu waliona mtu aliyeitwa mwizi anapita nyumba kwa nyumba anarudisha vitu. Wangesema nini? Mwizi amejuta, walisema. Mwizi anarudisha. Wengine walimwonea huruma, na huruma yao ilinikera kuliko matusi ya wale wa kwanza. Nilijaribu kuwaeleza habari ya kompyuta na maji na asubuhi isiyokwisha, wakaniambia, Mama Keki, wewe una moyo mwema. Nilikuwa sina moyo mwema hata kidogo wakati ule. Nilikuwa natamani kuwapiga.

Gari la mwisho lilikuwa la mwenye duka. Yeye hakuwa ameirudia ile gereji wala kuweka kidude kipya. Alikuwa akingoja arudishiwe chake, kwa kanuni. Siku hiyo nilikuwa napeleka keki ya akika, nikaona watu wamekusanyika mbele ya duka, nikasimama. Fundi alikuwa ameinama ndani ya boneti, kanzu ya grisi, kofia nyeupe. Akakaza boliti ya mwisho, akamimina maji, akamwambia mwenye gari awashe. Injini ikawaka, ikapanda, na baada ya muda ikashuka ikatulia. Hata mimi nisiyejua gari niliisikia ilivyotulia. Fundi aliweka kiganja juu ya injini, akafumba macho kama alivyozoea, akakiondoa.

Yule bwana alishuka, akasimama mbele ya watu na mikono nyuma. Alikuwa na uso wa mtu anayejiandaa kutenda wema.

"Mzee," akasema, "umerudisha, na mimi mbele ya hawa nimekusamehe. Shetani humpitia kila mtu."

Nilimtazama Fundi. Nilikuwa nimesimama karibu ya kutosha kuona mdomo wake ukifunguka, na nikasema moyoni, sasa. Sasa atamwambia.

"Amin," akasema Fundi. Akamwagiza asiende mbio siku ya kwanza, na aangalie maji.

Mimi sikuweza. Nilipasua sauti pale pale, nikamwambia mwenye duka kwamba hakuna aliyemwibia, kwamba amesamehe kosa ambalo halikutendwa na lililotendwa halijui. Akatabasamu, akaniambia yamekwisha, dada, tusifufue. Watu wakaanza kutawanyika. Nikamgeukia Fundi, ambaye alikuwa anakusanya spana zake, anazipangusa moja moja kabla ya kuzitia mfukoni.

Nikamuuliza kwa nini ameitikia. Kwa nini mtu aseme amin juu ya jina lake mwenyewe kuchafuliwa.

Akatafuta mahali pasipo na grisi kwenye kanzu ili ajifute uso, hakupapata, akauacha.

"Mimi nilikuwa nahitaji kusamehewa, mwanangu," akasema. "Huyu bwana alikuwa na msamaha mkononi. Nikimwambia si wa kosa hili, atautia mfukoni aende nao."

Nilimwambia huo si msamaha, ni tusi. Akasema keki itayeyuka. Sikumuaga. Niliondoa gari kwa kishindo, na hiyo ndiyo mara ya mwisho mimi na yeye kuonana, kwa kuwa mwezi haukwisha akahamia Kwale. Nimeyarudia maneno yake mara nyingi jikoni, nikichapa mayai. Ninachopata ni hasira ile ile, na wala sitaki initoke.